SSH ndani ya programu, laini inapokatika Kizingitini

Kompyuta ndogo inayopima baridi ya friza za samaki Kizingitini, kisiwani Pate, ikinyamaza, hakuna kupanda pikipiki mara moja ukaitazame. Ni mashua, na mlango wa bahari wa Mkanda nao haupitiki ovyo maji yakikupwa. Kwa hiyo programu iliyo ndani ya kompyuta ile, pamoja na ile inayoipokea upande wa pili, ziandikwe kwa kudhani kwamba laini itakatika: mchana, usiku, katikati ya amri. Mifano mingi ya SSH (njia ya kuamrisha kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa) iliyozagaa mtandaoni haidhani hivyo. Hufungua muunganisho, hutuma amri moja, huchapisha jibu, kwisha.

SSH ilibuniwa na Tatu Ylönen kule Finland mwaka 1995. Toleo la pili, tunalolitumia sasa, limeelezwa kwenye hati za viwango vya intaneti, RFC 4251 hadi 4254 za mwaka 2006. Ukizisoma utaona tabaka tatu zilizopandana. La chini husafirisha na kuficha data, na ndilo linalohakikisha kuwa seva ni yenyewe. La kati humtambua mteja. La juu hugawa muunganisho mmoja kuwa chaneli nyingi: hii ya amri, ile ya faili, nyingine ya kupitisha poti. Yatenganishe matabaka haya hata unaposoma makosa. Ufunguo wa mteja ukikataliwa, hilo ni la tabaka la kati. Usihangaike na modemu.

Kwanza seva kuwa ni yenyewe, maana hapa ndipo watu hujidanganya zaidi. Paramiko, maktaba ya SSH ya lugha ya Python, usipoiambia lolote, hukataa seva isiyoijua. Mtu akikutana na kosa hilo hutafuta dawa, huelekezwa AutoAddPolicy, na mambo huenda. Kumbe ameifundisha programu yake kumwamini yeyote atakayeitika. Katika lugha ya Go dawa hiyo hiyo huitwa InsecureIgnoreHostKey, na angalau jina lake linakiri dhambi yake. Ufunguo wa seva uchukue kwenye seva yenyewe, faili /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub, uutie ndani ya kifaa kabla hakijatoka mezani. Kama seva inasikiliza poti isiyo 22, tuseme 2222, jina ndani ya faili ya seva zinazojulikana liandikwe [seva.mfano]:2222, mabano yakiwemo. Bila mabano hayo Paramiko itasema haiijui seva, nawe utaapa kuwa ufunguo ni ule ule.

```
import socket, paramiko

soketi = socket.create_connection(("seva.mfano", 2222), timeout=20)
soketi.setsockopt(socket.IPPROTO_TCP, socket.TCP_USER_TIMEOUT, 90000)

mteja = paramiko.SSHClient()
mteja.load_host_keys("/etc/kipimo/seva_zinazojulikana")
mteja.set_missing_host_key_policy(paramiko.RejectPolicy())
mteja.connect("seva.mfano", port=2222, username="kipimo", sock=soketi,
              key_filename="/etc/kipimo/ufunguo",
              allow_agent=False, look_for_keys=False,
              banner_timeout=45, auth_timeout=45)
mteja.get_transport().set_keepalive(30)
```

Zile False mbili si mapambo. Ukiziacha, ufunguo ulioutaja ukikataliwa Paramiko itaendelea kujaribu kila ufunguo inaoukuta, na OpenSSH, programu ya SSH iliyoko kwenye seva nyingi, ambayo kwa kawaida huvumilia majaribio 6, itakata. Kosa utakalolisoma litakuwa la kukatwa, si lile la mwanzo. Banner_timeout nayo, usipoigusa, ni sekunde 15, na laini ya simu ikilemewa hizo hazitoshi.

Sasa 90000 ile. Wengi huamini set_keepalive itawaambia laini imekufa. Haiwaambii. Paramiko hurusha kipakiti kila sekunde 30 na haingoji jibu. Faida yake ni kwamba mitambo ya kampuni ya simu haiusahau muunganisho wako kwa kuudhani umelala, na gharama haifiki megabaiti moja kwa siku. Lakini laini ikifa kimya, ni Linux ndiyo itakayoendelea kurudia kutuma, na kwa mpangilio wake wa kawaida hukata tamaa baada ya kama dakika 15. Kwa dakika zote hizo programu yako inaonekana nzima. TCP_USER_TIMEOUT huhesabiwa kwa milisekunde, na hapa inasema: data iliyotumwa ikikaa sekunde 90 bila kukiriwa, vunja. Viwili hivi vinahitajiana, kwa kuwa bila kipakiti cha kila sekunde 30 hakuna data inayongoja kukiriwa. Anayetumia amri ya ssh ya OpenSSH badala ya maktaba hana shida hii akiweka ServerAliveInterval 30 na ServerAliveCountMax 3, kwa kuwa hizo huhesabu majibu yenyewe.

Kisha linakuja kosa ambalo halijitokezi kwenye majaribio, likajitokeza miezi baadaye. Unatuma amri, unaita recv_exit_status kungoja imalize, halafu ndipo unasoma matokeo. Kwa amri fupi inafanya kazi. Siku amri ikitoa matokeo marefu, programu inaganda milele, bila kosa, bila kelele. Sababu ni dirisha. Kila chaneli ina kiasi cha baiti ambacho upande mmoja unaruhusiwa kutuma kabla mwenzake hajasoma; kwa Paramiko ni 2,097,152. Likijaa, seva inasimama ikingoja usome, na wewe umesimama ukingoja seva imalize. Ubaya zaidi, matokeo ya kawaida na ujumbe wa makosa hula dirisha lile lile. Unaweza kuwa unasoma matokeo kwa bidii huku makosa usiyoyatazama yakilijaza.

Dawa ni kuyachanganya mawili hayo, kusoma mpaka mwisho, na kuuliza hali mwishoni kabisa:

```
chaneli = mteja.get_transport().open_session(timeout=30)
chaneli.settimeout(120)
chaneli.set_combine_stderr(True)
chaneli.exec_command("soma-baridi --siku 7")
matokeo = b""
while True:
    kipande = chaneli.recv(32768)
    if not kipande:
        break
    matokeo += kipande
hali = chaneli.recv_exit_status()
```

Hali ikirudi 0, amri imefaulu. Ikirudi -1, seva haikuleta hali yoyote: pengine laini imekatika, pengine amri imeuawa. Ulichosoma huenda ni nusu. Usikihifadhi kama kipimo kamili.

Laini ya simu mara nyingi haina anwani ya peke yake. Iko nyuma ya anwani moja na wateja wengine wengi. Huwezi kuigonga kutoka nje. Kwa hiyo kifaa ndicho kinachopiga kwenda seva ya kukodi, kisha kinaomba poti ya kurudishia (poti ya seva inayompeleka anayeigonga hadi kwenye kifaa), kwa ssh ni chaguo la -R. Hapa laini ikikatika kuna mtego unaowashinda wengi. Kifaa kinarudi upesi na kuomba poti 2201 kama zamani, lakini sshd, programu ya SSH ya upande wa seva, bado inadhani muunganisho wa kwanza u hai na poti imeshikwa. Ombi linakataliwa, muunganisho wenyewe unabaki, kila kitu kinaonekana kijani na hakuna njia ya kurudi. Upande wa seva weka ClientAliveInterval 30 na ClientAliveCountMax 3, maana hiyo ya kwanza kwa kawaida ni 0, yaani imezimwa. Upande wa kifaa weka ExitOnForwardFailure yes ili ssh ijiondoe, nayo programu iliyoianzisha ijaribu upya.

Kujaribu upya nako kuna adabu yake. Ngoja sekunde 5, kisha 10, 20, 40, hadi 300, na kila mara ongeza kiasi cha bahati nasibu. Umeme ukirudi Faza, Siyu na Kizingitini kwa pamoja, vifaa vyote vitagonga kwa pamoja. Mpangilio wa kawaida wa sshd, MaxStartups 10:30:100, huanza kukataa asilimia 30 pale wageni wasiojitambulisha wakifika 10, na hukataa wote wakifika 100. Tena tangu OpenSSH 9.8 ya mwaka 2024 seva huiadhibu anwani inayoshindwa kujitambulisha mara kwa mara. Vifaa vyako vikiwa nyuma ya anwani moja ya kampuni ya simu, kimoja chenye ufunguo mbovu kitawafungia wenzake wote. Kipo kipengele cha PerSourcePenaltyExemptList, ila kurekebisha ufunguo ni bora.

Na seva yenyewe uiandike? Kwa maoni yangu, mara nyingi hapana. OpenSSH pamoja na mstari mmoja kwenye authorized_keys, faili ya funguo zinazoruhusiwa, unaoanza restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:2201",permitopen="localhost:1",command="/bin/false" inamaliza kazi, ssh ya kifaa ikiitwa na -N: kifaa kikiibwa, ufunguo wake hauendeshi amri, na poti ya kurudishia unayoweza kuifungua ni hiyo moja tu.

Ukilazimika, maktaba ya Go, golang.org/x/crypto/ssh, ni nzuri, lakini ina mambo ya kushika. Ufunguo wa seva uhifadhiwe kwenye faili. Ukiutengeneza upya kila programu inapowaka, wateja waliokufuata vizuri watakukataa, na wako sahihi. NewServerConn, inayompokea mteja, haina kikomo cha muda, kwa hiyo iwekee soketi SetDeadline ya sekunde 30 kabla yake na uifute baadaye. Maombi ya jumla yapitishe kwa DiscardRequests, vinginevyo muunganisho utaganda. Ombi lenye WantReply lijibiwe hata kama jibu ni hapana. Kabla ya kufunga chaneli tuma exit-status, baiti 4, la sivyo mteja wako wa Paramiko ataona -1 kila siku. Na amri iliyokuja usiipeleke kwenye sheli: ilinganishe na orodha yako fupi, isiyomo ikataliwe.

Kuna moja la hatari zaidi. PublicKeyCallback, sehemu ya programu yako inayokagua ufunguo wa mteja, huitwa hata mteja anapouliza tu kama ufunguo fulani ungekubaliwa, kabla hajathibitisha kuwa anao. Waliohifadhi ufunguo wa mwisho kwenye kigeu cha pembeni, wakautumia kuamua nani ameingia, waliacha mlango wazi, ndiyo kasoro ya usalama iliyosajiliwa kama CVE-2024-45337. Utambulisho uweke ndani ya Permissions unazorudisha, uusome humo. Libssh nayo, maktaba nyingine ya SSH, mwaka 2018, ilikubali mteja ajitangazie mwenyewe kuwa amefaulu. Ni makosa ya mpangilio wa hatua tu, hisabati ya siri haikuguswa.

Muunganisho ukiganda kila mara wakati wa kubadilishana funguo, kabla hata ya jina la mtumiaji, shuku ukubwa wa pakiti. Jaribu ping -M do -s 1472 kwenda seva. Ikishindwa huku -s 1300 ikipita, shusha MTU ya modemu, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hadi 1300 na kidogo. Njia mpya za kubadilishana funguo hutuma pakiti kubwa kuliko za zamani, kwa hiyo tatizo hili linaweza kuzuka baada ya kusasisha tu.

Majaribio yafanyike mezani. Kuchomoa waya hakutoshi, kwa sababu kompyuta inaliona hilo papo hapo, na laini ya simu haifi hivyo. Tumia iptables -A INPUT -p tcp --sport 2222 -j DROP kwenye kifaa, shika saa: ndani ya kama dakika mbili programu iwe imevunja. Ondoa kanuni hiyo, uone inarudi na poti 2201 inapatikana. Kisha, ili laini ichelewe na kupoteza pakiti, tc qdisc add dev wlan0 root netem delay 400ms loss 10%, na uiache programu usiku kucha ikifanya kazi yake ya kawaida.