Mbacha tumeutupa, msala wenyewe haujafika

Juzi nilikuwa napiga stori na jamaa niliyewahi kufanya naye kazi, tukajikuta tumerudi kwenye ule mkutano. Kampuni yetu ya zamani, jina naliacha, ilikuwa inahamia huduma za mtandaoni, basi mkurugenzi mpya akatukusanya wote akasema kitengo chetu ni historia, mambo yote sasa yako upande ule mwingine. Kwa hesabu za mbele alikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba wakati anaongea hayo, karibu hela yote ya mishahara tulikuwa tunaingiza sisi, mshahara wake ukiwemo, na ule mradi mpya hata wateja kumi haujafikisha. Baada ya miezi michache wale wanaoijua kazi vizuri wakawa wameshasepa, maana anayejua kazi ndo anapokelewa haraka kwingine, tukabaki sie ambao hatukuwa na pa kwenda 😅. Wateja nao wakaanza kuuliza, mnafunga lini?

Nilikuja kuelewa vizuri kilichotupata niliposoma habari za Nokia. Februari 2011 bosi wao mkuu Stephen Elop, ambaye alikuwa hajamaliza hata nusu mwaka kwenye kiti, aliwaandikia wafanyakazi memo akawafananisha na mtu aliyeamka yuko kwenye jukwaa la mafuta katikati ya bahari na linawaka moto, sasa achague kuungua au kuruka kwenye maji ya baridi. Memo ikavuja, dunia nzima ikasoma, na siku chache baadaye wakatangaza wanaachana na Symbian, mfumo uliokuwa unaendesha simu zao, wanaenda Windows Phone ya Microsoft. Sawa, ila Lumia ya kwanza, yaani simu yao yenye huo mfumo mpya, iliingia madukani Novemba mwaka huohuo! Yaani miezi tisa hivi muuzaji anakuuzia simu ambayo bosi wake mwenyewe keshasema haina maisha. Nani ananunua? Simsingizii Elop kila kitu, iPhone na Android zilikuwa zinawala Nokia tangu kabla hajafika, lakini aliwaambia watu waruke kabla boti haijaletwa. Septemba 2013 wakakubali kuiuzia Microsoft biashara ya simu, na 2015 Microsoft nao wakafuta kama dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyao, hasara tupu, kwa ajili ya hiyohiyo biashara.

Najua mtu atanijibu kwa Kodak, ile kampuni ya Marekani ya filamu za kamera, kwamba wao waling'ang'ania mbacha wao mpaka wakaomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012, na kamera ya dijitali aliitengeneza injinia wao wenyewe 1975. Kweli, ila hiyo stori watu wanaikata nusu. Kodak kamera za dijitali waliuza sana tu, 2005 walikuwa wanaongoza Marekani, shida ni kwamba faida yao haikuwa kwenye kamera, ilikuwa kwenye filamu na kusafisha picha, na hicho kitu dijitali haikukirudisha.

Anayenivutia mimi ni Komori wa Fujifilm, kampuni ya filamu ya Japani, aliyeshika urais wa kampuni 2000, mwaka uleule mauzo ya filamu yalipofika kileleni kabla ya kuporomoka. Badala ya kuwaambia watu wa filamu nyie ni historia, kampuni ikakaa chini ikajiuliza hawa watu wanajua nini hasa. Ikaonekana wanajua kutengeneza utando mwembamba sana kwa usahihi, ukaenda kwenye skrini za LCD, wanajua kolajeni, protini iliyo kwenye ngozi na inayotumika pia kutengenezea filamu, wanajua kuzuia kemikali zisiharibiwe na hewa, na hiyo ikaja kuwa vipodozi vya ngozi. Vipodozi! Na msidhani alikuwa mpole, 2006 walitangaza kupunguza watu kama 5,000 upande wa picha. Lakini kupunguza watu ni jambo moja na kuwaambia waliobaki kwamba kazi yao ni takataka ni jambo jingine, viongozi wengi hawaoni tofauti hapo.

Ningekuwa mimi ndo bosi, kabla ya kutangaza chochote ningetafuta kwanza nani ataendesha cha zamani mpaka mwisho, tena nimchague mtu mzuri, sio yule aliyekosa nafasi kwenye mradi mpya, na nimlipe bonasi ya kubaki. Na wateja niwape tarehe kabisa, sio "hivi karibuni". Hayo mambo ya dira na slaidi za rangi yanaweza kusubiri wiki mbili, hakuna atakayekufa.

Yule mkurugenzi wetu aliondoka kabla mradi mpya haujasimama. Jamaa ananiambia mpaka leo kuna wateja wa enzi zile wanampigia kwenye simu yake binafsi, wanamuuliza ile kazi siku hizi inafanywa na nani, na yeye hana wa kuwaelekeza.