Majina Kumi na Matatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili iliyopita wengi mliniulizia hali ya kifua. Kifua kilikuwa kizima. Nilipangiwa somo la kwanza, Nehemia 8, na usiku wa Jumamosi nilipofika mstari wa 4 nikafunga Biblia. Matithia, Shema, Anaya, Uria, Hilkia, Maaseya, na hapo bado hujamfikia Hashbadana! Asubuhi nikamwambia mzee wa kanisa kwamba sauti imekauka. Kwa baridi hii ya Julai hapa Tukuyu, akaniamini. Mungu anisamehe.

Hofu hii ni ya zamani. Kwetu Rungwe r na l ni ndugu wanaoazimana nguo. Nikiwa darasa la nne nilisimamishwa kusoma, nikasoma "mkurima anarima". Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye. Nikaitwa Mkurima mpaka namaliza la saba.

Musa naye alilia kwamba ulimi wake ni mzito, hilo tunalijua sote. Bwana akampa Haruni, na safari ikaanza na ulimi uleule.

Sasa sikieni ya Jumatano. Kwenye ibada ya nyumbani somo lilikuwa hilohilo, na aliyesoma ni bibi mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970. Miwani imefungwa kwa uzi, kidole chenye udongo wa viazi kikitembea chini ya mstari. Alipofika kwa Hashbadana akasimama. Hash. Ba. Kijana mmoja akacheka puani. Bibi akainua macho, akasema, "Ningoje mwanangu, nakuja." Akarudi kwenye mstari, akamaliza.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa aibu, na hapo ndipo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona miaka yote. Majina yale ni ya nani? Ni ya watu waliosimama pamoja na Ezra, mwandishi aliyewasomea watu torati ya Musa, juu ya mimbari ya mti, sita mkono wa kuume, saba mkono wa kushoto. Kumi na watatu! Ezra alisoma tangu mapema asubuhi hata adhuhuri, lakini hakusoma peke yake. Na alipofungua kitabu, watu wote wakasimama.

Sisi je? Msomaji wetu anapanda madhabahuni magoti yakigongana, nasi tunabinyana viuno kwenye benchi. Akikosea herufi moja, tunaibeba mpaka sokoni. Halafu tunalalamika kwamba kila Jumapili wanasoma walewale watatu! Wapendwa, tumewanyamazisha wenzetu wenyewe. Na mimi niliyeitwa Mkurima nimewahi kumcheka mama mmoja aliyekwama kwenye "Nebukadneza", tena nikamwigiza nyumbani watoto wakafurahi. Yule mama hajasoma tena. Jana nimekwenda kwake kuomba msamaha. Akanikaribisha chai, akasema alishasahau, ila alivyokuwa akikoroga sukari sidhani.

Zamu yangu nimeiomba tena, nikapewa Warumi 16: Trifaina na Trifosa, Asinkrito, Patroba. Hizo r zote! Kila usiku namsomea mume wangu jikoni kwa sauti, naye jana alisinzia kabla sijamfikia Flegoni. Yule mama nimemwomba Jumapili akae benchi la mbele, mkono wa kuume. Amesema ataangalia kama mvua haitanyesha.