Askofu, waziri mkuu, mwandishi: wote mtu mmoja

Jamani leo nimetoka Varna, huku Bulgaria, na basi nikaenda mji wa Shumen kutembea, nikapita mbele ya ukumbi wa maigizo wa mji, imeandikwa Vasil Drumev.

Nikamuuliza mwenyeji wangu, mama mmoja mtu mzima, huyu nani? Akasema huyo ndo Askofu Kliment wa Tarnovo.

Askofu?! Kwenye ukumbi wa maigizo?

Ikabidi anieleze, kazaliwa hapohapo Shumen, mwaka 1860 akiwa bado kijana akatoa hadithi inayohesabiwa riwaya fupi ya kwanza ya Kibulgaria, 1872 akaandika tamthilia, baadae akawa askofu mkuu na waziri mkuu mara mbili, ya pili mwaka 1886 ilidumu siku chache tu. 1893 serikali ya Stambolov, waziri mkuu wa wakati huo, ikamfungia kwenye monasteri (nyumba ya watawa) ya Glozhene kwa sababu ya mahubiri yake.

Ila kilichonishika ni lile jina lililoandikwa pale ukumbini. Sio la kanisani, ni lile alilopewa na wazazi wake.

Nimesimama pale na baridi yote hii, machozi yananilengalenga.

Kwenu kuna kiongozi wa dini aliyeandika hadithi au tamthilia? Nitajieni nimsome.