Upepo usiofuata msukumo

Mwalimu alitugawia nakala hafifu za ramani ya hali ya hewa, akasema vitabu vifungwe. "Nipeni kasi ya upepo pale penye nukta." Basi, hakuongeza neno.

Nukta ilikuwa latitudo 45 kaskazini, katikati ya mistari miwili ya mgandamizo sawa. Mpaka siku hiyo nilichojua ni kile cha jiografia ya shuleni: hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo, kama maji yanavyoshuka mteremko. Kweli, ila nusu tu.

Nikachukua rula. Kati ya mstari na mstari ni kilomita 300, tofauti ya mgandamizo hektopaskali 4. Ukigawa paskali 400 kwa mita 300,000, kisha ukagawa tena kwa densiti ya hewa, kilo 1.2 hivi kwa mita ya ujazo, unabaki na mchapuko, yaani kasi inayoongezeka kila sekunde, wa mita 0.0011 kwa sekunde. Nikauona si kitu. Mwalimu akapita nyuma yangu, akanong'ona, "Zidisha kwa sekunde za siku nzima." Sekunde 86,400. Ikatoka mita 96 kwa sekunde, yaani kilomita 345 hivi kwa saa! Bila cha kuizuia, hewa iliyosukumwa taratibu namna ile ingeng'oa kila kitu ifikapo kesho yake.

Kinachoiokoa hali ni mzunguko wa dunia, unaoipindisha hewa iendayo. Coriolis, yule Mfaransa wa mwaka 1835, alikuwa akiwaza mashine zinazozunguka, wala si mawingu, lakini hesabu zake ndizo zilizotufaa. Unachukua kasi ya mzunguko wa dunia, radiani 0.0000729 kwa sekunde, unaizidisha kwa mbili, kisha kwa sini ya latitudo. Kwa nukta yetu ilikuja kama 0.0001. Nikagawa ule mchapuko kwa namba hiyo: mita 11 kwa sekunde. Upepo wa kawaida kabisa, tena unaokwenda sambamba na mistari, si kuikata.

"Yaani unasukumwa huku, unakwenda kule?" jirani yangu akauliza.

"Ndiyo, kwa sababu kani mbili zimelingana, ya mgandamizo na ya mzunguko wa dunia," mwalimu akajibu, akatutajia kanuni ya Mholanzi Buys Ballot ya mwaka 1857: katika kizio cha kaskazini, ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo uko kushoto kwako. Kusini ni kinyume.

Hapo mmoja wetu akauliza: na Ikweta je? Sini ya sifuri ni sifuri. Tukagawa, vikokotoo vikagoma. Mwalimu akacheka kwa furaha. Nadhani swali hilo alilingojea tangu asubuhi. Akaeleza kwamba pale mlingano wenyewe haupo, kwa kuwa kani moja haikufika. Ndiyo maana vimbunga vya kitropiki ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 za Ikweta: hewa inayokimbilia penye mgandamizo mdogo haipati wa kuipindisha ili izunguke, inaingia moja kwa moja na kulijaza pengo.

Kisha akaandika ubaoni mlinganyo mzima wa mwendo wa hewa, pamoja na msuguano, mchapuko na vyote tulivyovitupa ili hesabu iwe nyepesi. Ubao ukajaa, muda ukaisha. Vile tulivyovitupa ndivyo tulivyoanza navyo kipindi kilichofuata.