Godoro la springi au la sponji: angalia kilichomo ndani

Muuzaji akikuambia godoro la sponji ni "hai densiti", muulize: kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo? Densiti ni uzito wa sponji, si ugumu wake. Sponji nyepesi huweza kutengenezwa ikawa ngumu, ukaikalia dukani ukaridhika, kisha baada ya miezi michache ikabonyea usawa wa kiuno na isirudi tena.

Asipojua, omba mzani. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, lina ujazo wa mita 0.57 hivi. Sponji ya kilo 25 kwa mita ya ujazo itafika kilo 14 bila kitambaa. Ya kilo 16 haifiki hata 10. Mtu mzima anayelilalia kila siku asishuke chini ya 25, na mwenye mwili mkubwa atafute 30. Tahadhari: wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa ili sponji iwe nzito. Fungua zipu, sugua kwa kidole. Ikitoa unga au kumomonyoka, achana nayo.

Kwenye springi, tazama zilivyofungwa. Za kawaida zimeunganishwa zote kwa waya, kwa hiyo mmoja akigeuka usiku mwenzake anatikiswa. Za mifukoni, kila moja imeshonewa kifuko chake cha kitambaa na hubonyea peke yake. Wanaolala wawili wachukue hizi kama fedha inaruhusu. Lakini springi haigusi mwili. Juu yake kuna tabaka la sponji, na hapo ndipo magodoro ya bei rahisi yanapofia: sponji ya inchi moja inalala bapa, waya unaanza kuchoma mbavu. Kwa bajeti ndogo, sponji nzito ni bora kuliko springi ya bei ya chini.

Dar, Tanga au Mombasa, springi ina faida ya kupitisha hewa, ilhali sponji hushika joto. Ila toa nailoni ya dukani siku ileile. Ukiiacha, jasho hukwama ndani, ukungu unaota na waya unashika kutu.

Usilaumu godoro kabla ya kukagua chaga. Zikiachana zaidi ya sentimita 7, sponji huzama katikati yake na springi za mifukoni hupinda. Kitanda cha 6 kwa 6 kinahitaji pia mguu wa katikati. Kuongeza chaga nne ni nafuu kuliko kununua godoro jipya.

Kila miezi mitatu zungusha, upande wa kichwa uende miguuni. Kupindua chini juu ni kwa godoro lenye pande mbili sawa tu. La springi usilikunje wakati wa kuhama, fremu ikipinda hainyooki. La sponji likilowa, lianike likiwa na kitambaa chake. Jua likiipiga sponji tupu, inageuka njano na kuanza kupukutika.