Niliambiwa Nitafute Fani ya Kufunga

Mkuu wetu wa chuo hakuzunguka. Aliniita ofisini baada ya kipindi cha mchana, akafunga daftari la matumizi, akasema: "Mwalimu, fani tano zimeuzidi mfuko wetu. Nitafutie moja ya kufunga. Una miezi miwili." Akanipa laki moja na themanini ya vocha na nauli. Mimi nafundisha hesabu za ufundi kwenye chuo kidogo hapa Tabora, na tathmini pekee niliyowahi kufanya ni kusahihisha mitihani.

Fani ya kufungwa kila mtu aliijua. Ushonaji ulikuwa na wanafunzi tisa na vyerehani sita, viwili tu ndivyo vinashona. Umeme wa majumbani ulijaa hadi wengine wanakalia ndoo za rangi, na mtihani wa mwisho walikuwa wamefaulu wote. Ningeandika ripoti jioni ileile na kurudisha chenji.

Kilichonizuia ni safari ya kutoa hela kwa wakala kule Ng'ambo. Kijana ndani ya kibanda alikuwa mhitimu wetu wa umeme, tena aliyeongoza darasa lake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona uko huku? Umeme umeuacha?"

Akacheka. "Nyumba nasuka mimi, mwalimu. Muhuri wanagonga wengine."

Akanieleza huku akihesabu noti. Mteja akitaka nyumba yake iunganishwe na TANESCO, shirika la umeme, fomu inapitia kwa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Yeye hana leseni. Anapitisha mabomba, anavuta nyaya, anafunga soketi, halafu anamtafuta mwenye leseni ambaye anaondoka na sehemu nono ya malipo. Kwa hiyo siku nyingi anaona heri kamisheni ya kibandani. Miaka yote aliyokaa chuoni hakuna mtu aliyemtajia neno leseni, na mimi nimo.

Nilirudi nyumbani na aibu. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, alianza kuandika kwamba mafunzo yapimwe kwa hatua nne: mwanafunzi ameyapendaje, amejifunza nini, anafanya nini akirudi kazini, na mwisho wa yote kumepatikana nini. Sisi tulikuwa tumekaa hatua ya pili, tunapigiana makofi kwa vyeti.

Basi nikachukua rejista za miaka mitatu, majina 112, nikaanza kupiga simu. Siku mbili za kwanza zilikuwa balaa. Namba nyingi hazipatikani, na zilizopatikana, nikijitambulisha tu, mtu anakata au anasema "umekosea namba, mzee" kwa sauti ninayoijua kabisa. Siku ya tatu nikampata mama mmoja wa Sikonge.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka chuoni alikosoma binti yako."

"Marahaba, baba. Sema tu, anadaiwa kiasi gani?"

Hapo ndipo akili ikanijia. Wengi waliondoka na salio la ada na vyeti vyao vimebaki kabatini kwetu. Simu ya chuo kwao ni simu ya deni. Tangu siku hiyo sentensi yangu ya kwanza ikawa, "Sidai chochote, naomba dakika tano." Wale wa "umekosea namba" niliwarudia, na baadhi wakakumbuka majina yao.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe na lilikuwa kubwa kuliko hilo. Kwenye dodoso niliandika: Umeajiriwa? Wahitimu wa ushonaji karibu wote walijibu hapana. Nilipojumlisha nikaona ushonaji unazikwa rasmi, safari hii kwa takwimu. Kesho yake nikapita Isevya kwa shughuli zangu, nikamkuta binti niliyemwandika "hana kazi" yuko barazani, cherehani mbili, msaidizi mmoja, na rundo la sare za shule kufika magotini.

"Si uliniambia hujaajiriwa?"

"Kweli sijaajiriwa, mwalimu. Nahangaika tu."

Kwa lugha yetu kuajiriwa ni kuwa na bosi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwenye kibanda chake anahangaika. Nikalichana dodoso. Swali jipya likawa: wiki iliyopita umeingiza shilingi ngapi kwa kazi ya mikono yako, na ni kazi gani? Nikapiga upya simu zote. Vocha ziliisha, nikaongezea za mfukoni.

Hata hilo swali lilikuwa na tundu. Ilikuwa Januari, mwezi wa sare, na mshonaji yeyote Tabora mwezi huo ana hela. Ukimuuliza Machi atakujibu kwa unyonge. Fundi pikipiki wa Urambo au Kaliua naye husubiri katikati ya mwaka, masoko ya tumbaku yanapolipa. Nikaongeza mwezi mzuri na mwezi mbaya, nikaacha kuiamini wiki moja.

Kwa wale ambao simu haikuwafikia nilipanda basi au bodaboda. Nasisitiza hili kwa sababu anayepatikana kwa urahisi mara nyingi ni yule mambo yanamwendea vizuri, au yuko karibu. Aliyekwama amebadilisha laini na hataki kuonekana. Ukiwahesabu waliopokea simu peke yao, chuo chako kitang'aa. Mwisho nilifikisha watu 79 kati ya 112, na wale 33 niliwaandika kwenye jedwali kama walivyo, hawajapatikana. Mtaaluma alitaka niwafute ili asilimia zikae vizuri. Nilikataa.

Kwa waajiri nilikwenda wachache tu, lakini mmoja alitosha. Fundi mkuu wa gereji moja alinipokea na kicheko. "Kijana wako wa fildi wiki nzima ametafuta kabureta kwenye Toyota IST." Ndiyo, sisi tulikuwa tukifundishia injini ya Land Rover ya zamani yenye kabureta, wakati magari yanayoingia gereji yake yanapiga mafuta kwa mfumo wa kielektroniki na kumlalamikia fundi kwa taa kwenye dashibodi. Kijana alikuwa na nidhamu, alisema, na spana anazijua. Chuo ndicho kilichochelewa.

Useremala sikuusumbukia sana. Madirisha ya mbao yameshapigwa kumbo na alumini na chuma, mninga una vibali vyake na bei yake, na waliobaki kwenye fani wanaishi kwa masofa.

Ripoti yangu ilikuwa kurasa sita. Niliandika kwamba ushonaji ndio fani ambayo wengi zaidi wanakula kwa walichofundishwa, ingawa wanakula kidogo, na kwamba tatizo lake ni vyerehani vibovu vinavyofukuza waombaji. Umeme ubaki, lakini mwanafunzi aelezwe habari ya leseni wiki ya kwanza, na wahitimu wasaidiwe kujipanga nyuma ya mmoja wao aliyekwisha kuipata. Magari yaongezewe pikipiki, na itafutwe injini ya kisasa hata kama ni ya kukatwa. Nikaomba pia zoezi lirudiwe. Kule Marekani, vyuo vya jamii vinavyopata fedha za ufundi chini ya sheria ya Perkins, ilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, hupitia mahitaji ya eneo lao walau kila baada ya miaka miwili, tena na waajiri mezani. Sisi tukikaa na fundi wa gereji na mshonaji wa Isevya kwa chai na maandazi haitatufilisi.

Mkuu alisoma, akavua miwani. "Nilikutuma fani ya kufunga, umeniletea orodha ya manunuzi." Mwalimu wa umeme hakunisalimia karibu mwezi mzima. Hata hivyo hakuna fani iliyofungwa mwaka ule. Vyerehani vitatu vilitengenezwa, na fomu ya kujiunga sasa ina nafasi ya namba tatu za simu: ya mwanafunzi, ya mzazi, na ya rafiki asiyehamahama.

Uashi sijaumaliza. Vijana wake wengi wamefuata kambi za ujenzi wa reli mpya, na kila kambi ikisogea, laini nayo inabadilishwa. Nina majina kumi na saba na nauli ya kufika Kaliua.