Nilikwenda Kampala kusikiliza kantri, nikaisikia Lukaya

Basi letu lilianza kutoa moshi tukiwa tumeshaiacha Masaka. Dereva akajikongoja nalo hadi Lukaya, akaliegesha mbele ya vibanda vya wachoma nyama, akazima injini na kushuka bila kusema neno. Utingo ndiye aliyetupa habari: rejeta imetoboka, fundi anatoka Nyendo, tuvute subira. Jua lilikuwa linazama. Fundi alifika usiku wa manane bila kifaa alichotakiwa kuja nacho, na sisi tukaondoka pale alfajiri.

Nauli nilikuwa nimelipa kamili Bukoba, nikatozwa na ya mzigo kwa begi ambalo nililipakata mwenyewe njia nzima. Mpakani Mutukula, wabadilisha fedha walinipa kiwango ambacho sicho kilichoandikwa ubaoni, eti noti zangu zimechakaa. Kwa hiyo Lukaya nilifika na fedha ya kiingilio cha onyesho, niliyoifunga kwenye leso na kuapa kutoigusa, pamoja na kiasi kidogo cha kula. Wauza kuku nao walipogundua kwamba basi haliendi popote, paja lililokuwa elfu kumi za Uganda likapanda hadi elfu kumi na tano. Abiria tulilalamika kwa Kihaya, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, bei haikushuka.

Onyesho lenyewe lilikuwa usiku wa kantri, muziki wa vijijini Marekani, katika hoteli moja ya Kampala. Ndugu zangu wa Dar es Salaam wanashangaa nikisema hivyo, lakini sisi wa Bukoba tumekua tukinasa redio za Uganda, na Waganda wanaipenda kantri kwa moyo. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, karibu na Nashville. Watu wanaomwimba kwa ghibu Masaka na Mbarara, wengi wao hawakuwa hata wamezaliwa. Ukitaja Dolly Parton, Kenny Rogers au Don Williams kwenye taksi, dereva anaongeza sauti. Mimi hutunga nyimbo za kwaya na za harusi, na kwa muda mrefu nimetaka kusikia laivu jinsi wimbo wa namna ile unavyojengwa: hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho, ndani ya dakika tatu au nne.

Kijana niliyekaa naye alikuwa na simu iliyojaa kantri ya siku hizi. Alikuwa akimrudia Shaboozey, yule ambaye mwaka 2024 wimbo wake mmoja ulikaa kileleni mwa chati ya Marekani wiki 19, ikawa sawasawa na rekodi ya Lil Nas X ya mwaka 2019. Nilipomwambia kwamba wazazi wa Shaboozey ni Wanigeria, aliitazama upya ile picha kwenye kioo cha simu. Tukabishana kuhusu Beyoncé, kama albamu yake iliyoshinda Grammy ya kantri mwaka 2025 ni kantri kweli. Yeye alisema hapana. Mimi nilisema banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa, basi mwenye haki ya kumfungia mtu mlango ni nani? Betri ya simu ikaisha, mjadala nao ukaishia hapo.

Ndipo nikasikia gitaa.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda kando ya muuza chapati, chini ya taa. Gitaa lake lilikuwa la ubao, limepasuka ubavuni na kuzibwa kwa gundi ya fundi viatu. Uzi wa juu haukuwa uzi wa gitaa. Ulikuwa unyuzi uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Kwenye mpini alikuwa amefunga penseli kwa mpira wa tairi la ndani, ikikandamiza nyuzi zote sita ili sauti ipande ilingane na koo lake. Alikuwa anaimba wimbo wa Jim Reeves, kwa Kiingereza kilichonyooka, na abiria walikuwa wanamtupia sarafu.

Alinisikia nikizungumza na simu, akasimamisha kidole.

"Mama, wewe natoka Tanzania?"

"Ndiyo, baba. Bukoba."

"Karibu. Mimi najua Kiswahili ya jeshi yenu. Nabeba maji yao hapa hapa, mimi kijana."

Lukaya ilipiganiwa Machi 1979. Jeshi letu lilikabiliana pale na askari wa Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia, na mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Shuleni tulifundishwa tarehe hizo. Kijana aliyebeba maji hatukusomeshwa habari zake. Alisema askari wetu waliimba sana jioni, na kwamba Kiswahili alichokiokota kwao ndicho anachoongea nacho na madereva wa malori hadi leo. Nikamshika mkono. Nikanunua chapati mbili, tukala.

Nilimwomba aimbe wimbo wa kwake mwenyewe. Alinitazama kwanza, akasema huo ni mrefu na watu hawalipii. Nikamwambia basi letu halina pa kwenda.

Waganda wanauita muziki huo kadongo kamu: mtu mmoja, gitaa moja, kisa kimoja. Elly Wamala na Fred Masagazi walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Baadaye wakaja akina Christopher Ssebadduka, Herman Basudde, na Paul Kafeero aliyefariki mwaka 2007 na kuliliwa na Buganda nzima. Kihaya na Kiganda ni ndugu, kwa hiyo maneno mengi niliyadaka mwenyewe, na yale yaliyonipita mzee alinitafsiria baadaye.

Kisa ni cha mkulima aliyeuza kahawa yake yote Masaka. Njiani anakutana na mtu nadhifu anayemwita ndugu, wanashiriki chakula, na anapoamka kapu lina majani makavu. Anarudi nyumbani. Mkewe anamuuliza fedha ziko wapi, anamdanganya: chama cha ushirika hakijalipa. Kesho yake anaulizwa tena, anabuni uongo mwingine. Kila ubeti una uongo wake, na kila uongo unadai mwingine wa kuushikilia. Muda wote huo kidole gumba cha mzee kinapiga besi ileile, haraka kidogo kila ubeti, vidole vingine vikidonoa juu kana kwamba mtu anagonga mlango. Mwishoni anafika ubeti wa mke. Hapo vidole vya juu vinanyamaza, gumba peke yake linabaki, na mke anasema: nimejua tangu siku ile ya kwanza, nilikuwa nangoja kuona ni uongo wa ngapi utakaokuchosha.

Muuza chapati alikuwa ameacha kusukuma unga.

Nilimuuliza kwa nini hakuweka kiitikio, kitu ambacho watu wangeitikia pamoja naye. Sisi kwenye kwaya bila kiitikio hatuna wimbo.

"Kiitikio nasimamisha gari," akasema. "Hii mutu bado iko njiani, na uongo yake. Nasimamisha yeye wapi?"

Nimeyatafakari maneno hayo tangu siku ile. Mtunzi wa Marekani Don Schlitz alikuwa na miaka 23, akifanya kazi ya usiku kwenye kompyuta za chuo kikuu cha Vanderbilt, alipotunga ule wimbo wa mcheza kamari ambao Kenny Rogers aliuimba mwaka 1978. Nao ni wa wasafiri wawili wanaokutana usiku, na mmoja anamwachia mwenzake busara. Ila Schlitz aliitoa ile busara kwenye hadithi, akaifanya kiitikio, na ndiyo sababu hata asiyejua kisa anauimba. Mzee wa Lukaya ameizuia hadi sentensi ya mwisho. Wa Schlitz unashikika haraka kuliko wa mzee. Wa mzee unauma zaidi, na ukipitwa na ubeti mmoja umepoteza kila kitu. Sidhani kuna redio ya leo yenye uvumilivu wa kuupiga wote.

Na wimbo huo ulishapigwa. Aliurekodi Kampala enzi za kanda. Msambazaji alimlipa mara moja, akachukua kanda mama, na kilichofuata mzee alikisikia kwenye matangazo ya magari kama mtu mwingine yeyote. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Fedha aliyopewa ilinunua mabati ya nyumba, hayakutosha hata kuezeka upande wa jikoni.

Nikamsimulia habari ya Dolly Parton. Alitunga "I Will Always Love You", wimbo wa kumuaga Porter Wagoner, mtu aliyemlea kisanii, akautoa mwaka 1974. Elvis Presley akautaka. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, meneja wa Elvis, Kanali Tom Parker, akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly alilia usiku kucha, na akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwa ajili ya filamu, ukakaa nambari moja Marekani wiki 14, na malipo ya mtunzi yakaenda yote kwa mtunzi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo mama alikuwa na chakula nyumbani?" akauliza.

Nilisema ndiyo, wakati ule alishakuwa na jina.

"Ndiyo alikataa," akasema.

Sikuwa na la kumjibu, maana kwetu mambo ni hayohayo. Chukua "Malaika", wimbo ambao dunia nzima inaujua kuwa ni wa Afrika Mashariki. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaubeba ulimwenguni, Boney M wakaufanya wa disko, na mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliutunga, wengine wakimtaja Adam Salim. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya 1999 na ina COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki. Uganda ina sheria yake ya 2006. Hata hivyo kwaya za Bukoba bado zinaimba nyimbo za watu waliokufa bila mtu kukumbuka kuandika jina la mtunzi kwenye kava. Na zangu mimi zimo humo.

Kampala nilifika nimechoka, nikalala kwa wifi yangu Kibuli. Kiingilio kilikuwa shilingi elfu themanini, na soda ndani ya ukumbi mara tatu ya bei ya dukani. Bendi ilikuwa nzuri, mpiga fidla hasa, na kofia za kichungaji ng'ombe zilijaa ukumbi. Lakini ilipopigwa "Fast Car", mshereheshaji akautangaza kuwa wa Luke Combs. Ni wa Tracy Chapman, aliutoa mwaka 1988, na Combs alipourudia mwaka 2023 ndiye Chapman aliyepewa tuzo ya wimbo wa mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, mtunzi wa kwanza Mweusi kuipata. Nilitamani kusimama. Kesho yake nilibaki na hasira ileile, si kwa sababu ya Chapman, ambaye malipo yake yanamfikia, bali kwa sababu ya mzee wa Lukaya.

Karibu na stendi ya taksi ya zamani kuna vijana wanaojaza nyimbo kwenye flashi. Nikaomba kadongo kamu. Nyimbo za pop kwenye kompyuta yao zilikuwa na majina kamili, kuanzia Eddy Kenzo, aliyeteuliwa kuwania Grammy mwaka 2022, hadi Joshua Baraka. Za kadongo zilikuwa kwenye fungu moja lenye nambari tu, hata jina la mwimbaji hakuna. Elfu kumi na tano, na flashi juu yako.

Nilizisikiliza kwa wifi, moja baada ya nyingine, mpaka nikaikuta besi ile. Sauti ni ya kijana, lakini ni yeye. Waimbaji wa kadongo wengi hujitaja wenyewe ndani ya wimbo, naye alijitaja mwanzoni kabisa. Pale pale kwenye jina lake mtu ameweka tangazo la kibanda, sauti nzito inayopiga kelele jina la duka. Nilirudisha nyuma tena na tena. Jina halisikiki.

Nilimpigia. Muuza chapati ndiye mwenye simu. Nilimweleza mzee nilichokikuta, na kwamba Kampala kuna ofisi ya serikali, URSB, inayosajili hakimiliki, na kuna jumuiya ya UPRS inayokusanya mirabaha ya watunzi. Akauliza nauli. Nikasema hiyo nitachangia. Akauliza ataaminiwa vipi. Nikamwambia aende na chochote kinachothibitisha, na akasema anayo kanda moja, nakala aliyopewa siku ile, imehifadhiwa ndani ya kopo la kahawa. Hajaisikiliza kwa miaka mingi kwa kuwa redio kaseti yake ilikufa.

Kanda ya umri huo haiwekwi kwenye mashine yoyote tu. Ikivutwa vibaya inakatika, na hiyo ni nakala pekee ambayo jina lake linasikika. Bukoba nimeuliza mafundi wawili, wote wanazo mashine za kuchukua vipuri. Msomaji uliye Masaka, Kampala au Bukoba, kama una redio kaseti inayocheza vizuri, yenye kichwa safi na mkanda mzima, niandikie hapa. Nitaifuata mwenyewe, na nitaipeleka Lukaya.